Tangu Nilipovunja Tumbo Joto, Jirani Hanitanii Tena

Bi Mwanamina, kama umenizidi umri, shikamoo, na kama hujanizidi, basi habari za kazi. Naomba msaada wako, na naomba pia usitaje jina langu, kwa sababu gazeti lenu likifika hapa Mohoro husomwa kwa sauti penye kahawa, na wasiojua kusoma ndio wenye maoni mengi zaidi.

Mimi ni muuguzi mstaafu, Mpare wa Same, nililetwa hapa na serikali miaka ishirini na saba iliyopita nikiwa na mimba ya mwanangu Aika, na jirani wa kwanza kunipokea alikuwa Bi Mwantumu, ambaye alinikanda nilipojifungua na akamlea Aika wakati mimi niko zamu, na tangu mwaka ule hajawahi kuniita jina langu, ananiita Mpare tu, na kila asubuhi anapitia kwenye pengo la uzio wa makuti bila hodi, anachukua chumvi jikoni kwangu na kuniuliza, 'We Mpare, ile kesi ya kuku imefikia wapi?', kwa sababu watu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, nami humjibu kwamba inamngoja yeye, shahidi. Ndivyo tulivyoishi, na sikuwahi kudhani ni jambo la kuandikia gazeti.

Hapa kwetu palikuwa na pembea ya sikukuu iliyoitwa Tumbo Joto. Ni gurudumu la kusimama, refu kuliko nyumba, la boriti za mikoko, lenye masanduku manne ya mbao ya kukalia, na wanaume wanne hulizungusha kwa mikono. Alilichonga marehemu Mfaume, kaka yake Bi Mwantumu, na mwimbaji wake ni Bi Mwantumu mwenyewe. Zamu haipimwi kwa saa, inapimwa kwa wimbo: anaimba 'Nani yumo?', watu wanaitikia, kisha anawataja waliomo mmoja mmoja, mtoto kwa jina lake na la mzazi wake, na mzazi anapigwa kijembe, watu wanacheka, na gurudumu halisimami mpaka wa mwisho atajwe. Aika alitajwa akiwa na miaka minne, 'Yumo Aika wa Mama Sindano, akilia mwacheni alie, mama yake ametuliza,' na mpaka leo sijui kama alimaanisha nimewapoza watu au nimewaliza.

Sasa, Idi ya kuchinja ya mwaka jana kigingi cha sanduku moja kilichomoka na Hashimu, mtoto wa Subira, mwenye miaka tisa, alianguka akavunjika mtulinga. Mimi ndiye niliyemfunga. Kabla ya hapo nakumbuka vidole viwili, jino moja, na vibanzi visivyo na idadi. Mimi ni katibu wa kamati ya uwanja wa sikukuu, walinichagua kwa sababu ya mwandiko, kwa hiyo mwezi mmoja kabla ya mfungo niliitisha kikao, nikaeleza kwamba vigingi vimeoza, nikapendekeza Tumbo Joto livunjwe na badala yake tukodi kutoka Dar jumba la kurukia, lile la mpira linalojazwa upepo kwa mashine, ambalo mtoto akianguka anaangukia upepo. Nikauliza kama kuna mwenye swali. Hapakuwa na swali. Mzee Kondo, mwenyekiti, akasema, 'Tumesikia, mwanangu.' Mzee Haidari akasema mwenye macho haambiwi tazama. Bi Mwantumu akasema, 'Wewe ndiye uliyesoma.' Nikaandika kwenye muhtasari kwamba wajumbe wote wamekubaliana, na muhtasari huo ninao, umesainiwa.

Fundi Ismaily akalivunja kwa siku mbili. Boriti ziko nyuma ya nyumba yangu chini ya turubai. Masanduku matatu pia yapo, la nne nimewawekea kuku watagie, maana mbao nzuri haitupwi.

Idi ya mfungo jumba likaja. Watoto waliruka tangu asubuhi, ishirini kwa mpigo, wakitoka jasho na kucheka, na sikufunga hata plasta moja, naomba hilo lieleweke. Lakini watu wazima, ambao zamani walikuwa wakikaa uwanjani mpaka Magharibi, walisimama kidogo, wakatazama, wakaondoka, na ilipofika saa kumi uwanjani palikuwa peupe, jenereta linanguruma peke yake. Bi Mwantumu alikuja na kanga mpya, akasimama pembeni mdomo umefungwa, kwa sababu mle ndani watoto hawana mpangilio wa kutajwa na jenereta linameza sauti. Kisha akanipa mkono, akasema, 'Hongera sana, Bi Muuguzi, imependeza,' akaenda zake.

Tangu siku hiyo mimi ni Bi Muuguzi. Hapitii tena kwenye pengo la uzio. Anazunguka mpaka mlango wa mbele, anapiga hodi, anasubiri nje mpaka nimkaribishe, anauliza habari za asubuhi, anashukuru, anaaga. Chumvi ananunua dukani. Hakuna ugomvi, hakuna neno baya, ukituona utasema hawa ni majirani wa mfano. Sielezi haya ili nionewe huruma, ila imeniuma, nasema wazi, imeniuma kuliko matusi.

Na sasa imebaki wiki tano kufika Idi ya kuchinja. Mwenye jumba anataka jibu, na Mzee Kondo nikimuuliza anasema, 'Utakavyoona wewe, katibu.' Aika, anayeishi Morogoro, alikuwa aje na binti yake wa miaka minne, tena akaniuliza kwenye simu kama Bibi Mwantumu atamtaja mtoto kama alivyotajwa yeye, nikamweleza kuhusu jumba jipya na usalama wake, akasema, 'Sawa, Mama. Tutaona kama nafasi itapatikana.' Kwa hiyo hata hilo bado halijathibitishwa.

Maswali yangu ni mawili. Je, nisubiri wazoee, kwa kuwa kila kitu kipya huzoeleka? Na je, niombe radhi kwa jambo ambalo mtulinga wa Hashimu ni shahidi kwamba si kosa?

Ni mimi, Muuguzi Mstaafu, Mohoro.

BI MWANAMINA ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu, nimekuzidi. Jina lako sikulitaja kama ulivyoomba. Lakini hebu niambie, hapo Mohoro kuna wauguzi wastaafu wa Kipare wangapi waliovunja pembea? Leo penye kahawa wameshakujua kabla kikombe cha kwanza hakijapoa. Tuendelee.

Nianze na haki yako. Kuhusu vigingi ulikuwa sahihi, na usikubali mtu akupunguzie hilo. Mtoto hapandishwi juu ya mti uliooza kwa sababu ya wimbo, hata uwe mtamu namna gani. Wazee wote hao waliona mtoto anaanguka, na aliyesimama akasema ni wewe. Hilo nakupongeza nalo, na pongezi yangu haina fumbo ndani, maana naona mafumbo ndiyo yaliyokushinda.

Ala! Miaka ishirini na saba unaishi pwani na bado husikii unachoambiwa? 'Tumesikia' maana yake ni masikio yanafanya kazi. Mtu wa huku akikubali husema amekubali, tena anauliza shughuli ni lini na chai ataandaa nani. Mzee Haidari alikuambia mwenye macho haambiwi tazama, alitaka utazame nyuso zao, wewe ukatazama karatasi. Bi Mwantumu aliposema wewe ndiye uliyesoma, hapo alikufungia mlango kwa adabu, na wewe ukauandika mlango huo kwenye muhtasari na kuutia saini. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ulipouliza kama kuna mwenye swali na likakosekana hata moja, kwa watu ambao kununua dagaa tu wanauliza maswali kumi, hukushtuka?

Ubaya wako haukuwa kuvunja mbao. Ulidhani watu wanakuja uwanjani kuzungushwa. Kuzungushwa gani, mwenzangu? Walikuja kusikia majina yao. Mtu kalima mpunga mwaka mzima, kapambana na viboko na mafuriko, siku moja anasimama mbele ya mji mzima mwanawe anatajwa juu, na yeye baba mtu anachekwa kwa upendo. Jumba lako la upepo ni zuri, watoto wamelipenda, nawe umesema kweli. Ila halijui jina la mtu. Ndiyo maana saa kumi mlibaki wewe na jenereta.

Sasa tuje kwenye kuku. Umewaandika kwa mstari mmoja, tena kwa kujisifu kwamba mbao nzuri haitupwi. Niliposoma hapo niliiweka barua chini, nikavuta pumzi, nikairudia. Kaka yake amekufa. Alichomwachia ni kazi ya mikono yake kwenye mbao zile, na wewe umewatandikia kuku, naye akichungulia kwenye pengo la uzio anawaona wanataga humo. Unashangaa kwa nini hapiti tena pale! Bado anakupigia hodi, bado anakuuliza habari za asubuhi. Mimi ningekurushia jivu.

Na Aika. Mtoto umemzaa Mohoro, amelelewa uani kwa Bi Mwantumu, basi amekujibu kwa lugha aliyofundishwa humo. 'Tutaona kama nafasi itapatikana.' Wewe unasema halijathibitishwa. Nikutafsirie? Haji. Amekukasirikia, na amekuheshimu mno kukuambia. Unaona mambo yanavyokwenda? Usiposikia la jirani, utakosa na la mwanao.

Hutasubiri wazoee. Watu hawazoei kusahauliwa, wanakaa kimya tu, na kimya chao umeshakionja.

Leo hii, kabla jua halijazama, watoe kuku. Lioshe sanduku lile kwa sabuni na maji ya moto, mwenyewe, usimtume mtu, kisha lianike mahali linapoonekana kutoka upande wa pili wa uzio. Kesho mwite Ismaily. Palipokuwa na kigingi cha mti patiwe boliti na nati, boriti iliyooza ing'olewe iwekwe nyingine, kila sanduku liwe na mkanda wa kumfunga mtoto, na wewe mwenyewe uvikague vyote siku ya Arafa kwa hayo macho yako ya kiuguzi. Jumba la mpira usilifukuze. Liwekwe mwisho wa uwanja kwa wale wadogo wasiofikisha miaka minne, na jenereta lake likae mbali na penye wimbo, au lizimwe kabisa zamu ikianza. Mwenye jumba akikataa sharti hilo, mwambie Mohoro tumesikia.

Kikao utakiitisha, lakini usikianzie kikaoni. Pita kwanza nyumba kwa nyumba, bila kalamu. Kaa, kunywa chai, ulizia mpunga, ulizia wagonjwa, na ukiona mtu anakubishia, furahi, maana huyo ndiye anayekusaidia. Ule muhtasari wa zamani ufungue mbele ya Mzee Kondo, futa 'wamekubaliana', andika 'wamesikia', na mtie saini upya. Atacheka. Kicheko chake kitakutosha kuwa jibu.

Radhi ya nini, umeuliza. Usiombe radhi kwa kumwokoa Hashimu. Omba radhi kwa kuku, na kwa kuandika neno ambalo hakulisema mtu. Hayo mawili ni yako.

Kisha umpigie Aika. Usimweleze habari za usalama, jamani, mtoto wa watu hakuuliza usalama. Mwambie, 'Mlete mjukuu wangu atajwe,' halafu ukate simu kabla hujaanza kueleza.

Lakini kabla ya Aika, nenda kwa Bi Mwantumu. Usizunguke mlango wa mbele, usipige hodi, usibebe karatasi. Pita kwenye pengo la uzio, ingia jikoni kwake, chukua chumvi. Mwambie Tumbo Joto la kaka yake linasimama tena, na kwamba linamngoja mwimbaji. Hapo atakutukana, mwanangu. Atakuita Mpare, atautaja ukoo wako wote mpaka milimani. Usijitetee, na mtulinga usiutaje. Mwache amalize. Na akikuuliza kesi ya kuku imefikia wapi, mwambie umeshindwa, na kuku wameshahama.