Mahindi Yasiyo na Kibali

Rangwe, Jumatano, Novemba 1992

Lilikuwa gunia moja tu, tena mahindi ya shamba langu mwenyewe kule Migori. Nilimwambia hivyo askari aliyeisimamisha matatu yetu barabarani. Akauliza kibali cha serikali cha kusafirisha mahindi kiko wapi.

"Nampelekea mjane wa ndugu yangu," nikasema. "Wanawe hawana unga."

"Ukiyala Migori ni chakula, mama. Ukiyavusha wilaya bila kibali ni magendo."

Hakuwa mkali. Alilishusha gunia polepole, kama mtu anayenisaidia mzigo, likabaki kwake. Afadhali angenitukana, ningepata wa kumchukia.

Akoth, mjane huyo, alijua nakuja. Nilipoingia, maji ya ugali yalikuwa yanachemka na watoto wameshanawa mikono. Nikamweleza yaliyonipata njiani. Hakulalamika. Aliepua sufuria, akasema, "Wifi, umefika salama. Keti."

Kisha akaniletea kiazi kitamu kimoja kwenye sahani ya wageni. Nilitaka kuwagawia watoto, akanishika mkono.

"Wao wamezoea. Wewe ni mgeni wangu."

Nimekila chote mbele yao, maana kukataa kungemuaibisha. Sijui kesho nianzie ofisi gani kutafuta hicho kibali, na hata nikikipata, gunia lenyewe...

Wamelala sasa. Yule mdogo alifuata mkono wangu kwa macho hadi kiazi kikaisha, lakini hakulia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mtoto mdogo vile ameshajua kwamba kulia hakuleti chakula.