Nilimwigiza Mjomba Bila Kumwambia

(Barua hii, iliyoletwa kwenye safu yangu ya ushauri gazetini hapa Australia, na jibu lake zinachapishwa kwa ruhusa ya wote wanaotajwa. Majina si yao.)

Mpendwa Bi. Noreen,

Nishike mkono mama, maana wiki tatu sasa nazunguka na jambo moja kichwani na kila nikidhani nimelielewa linaniponyoka. Naitwa Dario, nina miaka ishirini na sita, ni mtu wa Ingham, huku Queensland kwenye miwa, na huenda umewahi kuniona, mimi ndiye yule aliyeshika nafasi ya nne kwenye shindano la uimbaji la televisheni miaka mitano iliyopita, yule aliyeulizwa na jaji wiki ya kwanza tu, "Nyumbani umemwacha nani?" akajibu, "Mpenzi wangu, na hapo alipo anaomba nitolewe mapema nirudi kuosha vyombo vyake," ukumbi ukacheka, na tangu siku hiyo nchi nzima inajua kwamba napenda wanaume wenzangu. Sikuwa jasiri, Bi. Noreen, usinipe sifa hiyo. Nyumbani nilishasema nikiwa na miaka kumi na sita, mezani, mama akalia kidogo, baba akatoka kumwagilia nyanya akarudi, na mjomba wangu Silvio, kaka yake mama, aliyekuwa amekuja kula nasi, akanisogezea sahani akasema, "Kula, inapoa." Yakaishia hapo.

Baada ya shindano niliimba kwenye harusi, kwenye ufunguzi wa maduka, miezi minane kwenye meli ya watalii, nyimbo zilezile kila siku mpaka nikaichoka sauti yangu mwenyewe. Mwaka jana, Jumamosi moja mchana, nikiwa naimba kwenye klabu moja ya Townsville huku wazee wanakula kuku wa kuoka, akanifuata mwanamke mfupi aitwaye Pip, mwongozaji wa filamu, zile filamu ndogo ambazo mtu anazitengeneza mwenyewe na marafiki zake bila kampuni kubwa nyuma yake, akaniambia, "Sauti yako siitaki. Nautaka uso wako ukiwa umenyamaza." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Filamu yenyewe ni ya mkulima wa miwa wa zamani, anaitwa Clem, anampenda mwanamume mwenzake na anaficha maisha yake yote. Tulipiga picha siku kumi na tisa, watu kumi na mmoja, tunalala kwenye nyumba ya wageni iliyofungwa zamani, na siku tatu za kwanza nilikuwa kituko. Pip alinikatisha kila mara. Siku ya tatu akanivuta pembeni. "Dario, wewe huna unachoficha. Unaingia mlangoni kama mtu anayesubiri kupigiwa makofi. Huyu bwana anaingia nyumbani kwake kama mgeni." Nikamwambia sijui mtu anaingiaje nyumbani kwake kama mgeni. Akasema, "Basi nenda kajifunze, Jumatatu uniletee."

Jumapili nikaenda kula kwa mjomba Silvio, wala si kwa sababu ya filamu, nilikuwa na njaa tu na nimechoka kukaripiwa. Mjomba ana miaka sabini na mmoja, analima miwa, ndiye anayepitisha kikapu cha sadaka kanisani, hajawahi kuoa. Anaishi na Neville, ambaye alikuja mwaka 1981 kutengeneza mashine ya kuvunia, akaitengeneza, na hajaondoka hadi leo. Mbele za watu mjomba anamwita Fundi, sisi sote tunamwita Fundi, chumba chake kipo, kitanda kimetandikwa na juu yake kumelazwa fimbo za kuvulia samaki ambazo sijawahi kuona zimeondolewa, na hakuna mtu katika ukoo wetu, nasema hakuna hata mmoja, aliyewahi kuuliza.

Baada ya chakula niliingia jikoni kuchemsha kahawa na wao wakabaki barazani, wamekaa viti viwili vilivyokaribiana, wanasoma gazeti moja. Mimi nawaona kupitia wavu wa dirisha. Mara ikasikika gari imekunja kutoka barabarani, iko mbali, bado haionekani, ni changarawe tu zinalia. Mjomba akainuka. Hakukurupuka wala hakukatisha maneno aliyokuwa akisema, alichukua kikombe chake, akaenda kukaa kiti cha tatu, kile cha kule karibu na ngazi, akakunja mguu juu ya mguu, na Neville akatandaza gazeti mahali alipokuwa amekaa mjomba, gari ikafika, kumbe ni jirani karudisha pampu. Nikasimama pale na birika mkononi. Bi. Noreen, hilo jambo nimeliona tangu nina miaka minne. Nilikuwa nadhani mjomba anapenda tu kile kiti.

Jumatatu nikalifanya mbele ya kamera. Sikumwambia Pip, halikuwa kwenye maandishi, nilisikia tu sauti ya gari ambayo walikuwa wameipanga, nikainuka na kikombe, nikaenda nikakaa kule. Pip akasahau kusema "kata". Mtu wa sauti akavua vile vya masikioni akafuta macho. Na kuanzia hapo nikawa Clem, nilichukua kila kitu, namna mjomba anavyopangusa mikono kabla ya kujibu swali, namna anavyocheka kwa pua, kila Jumapili naenda kula, kila Jumatatu narudi na kitu, na mjomba ananifungia soseji nipeleke kwa wenzangu.

Sasa filamu imechaguliwa kwenye tamasha kule Melbourne, na watu wanaandika kwamba yule mwimbaji kumbe alikuwa mwigizaji siku zote. Mwandishi mmoja akanipigia simu kuuliza lile tendo la kiti nimelitoa wapi. Nikasema, "Mawazo yangu tu." Nilipokata simu nikagundua ni mara ya kwanza katika maisha yangu nimeficha jambo, na nililificha vizuri sana, sauti haikutetemeka hata kidogo.

Halafu likatoka tangazo la filamu, kile kionjo cha dakika moja cha kwenye simu, na ndani yake wameweka nini? Kiti. Siku tulipokutana ukoo mzima kutengeneza salami, zile soseji za kukausha, mikono yote imejaa nyama, binamu yangu Loredana akasimamisha simu yake kwenye chupa ya siki tutazame, na kabla haijaisha akapayuka, "Ee, mbona umekaa kama mjomba Silvio!" Wote wakacheka. Mjomba alikuwa nje anaosha mashine ya kusagia. Mama hakucheka, kisu chake kilisimama, akanitazama, kisha akaendelea kukata. Kesho yake akanunua tiketi kumi na moja za onyesho la filamu hapa Ingham mwezi ujao, mbili ni za mjomba na Fundi, safu ya mbele, na sijui kama mama anajua, au anajua na anataka nini, au hajui.

Sijui nilichofanya ni wizi au ni heshima. Sijui kama mimi ni mwigizaji au ni mpwa mwenye macho makali. Nikimwambia mjomba, nitakuwa nimemwambia kwamba najua, na miaka arobaini na kitu hajataka mtu ajue. Nisipomwambia, atajiona mwenyewe ukubwa wa ukuta mbele ya mji mzima. Nifanye nini?

Dario, Ingham

*

Dario,

Jibu hili nalituma kwa posta, silichapi. Wiki tatu unahangaika siri ya mjomba wako isijulikane, kisha unaiandika yote kuanzia kanisa mpaka fimbo za kuvulia na kuituma kwa nani? Kwa gazeti. Akili ulikuwa umeziacha wapi, mwanangu? Barua yako nimeifungia.

Sasa nisikilize. Kumtazama mjomba wako si kosa. Waigizaji wote wanatazama watu, na wewe ulitazama kwa upendo, hilo linaonekana hata kwenye mwandiko wako. Kosa lako lilianza Jumapili ya pili. Ya kwanza ilikuwa bahati. Ya pili ulikwenda kwa makusudi, ukala chakula cha mtu, ukabeba soseji zake, ukijua unachokuja kuchukua. Hapo ulipaswa kufungua mdomo. Hukufungua, kwa sababu uliogopa atakataa na wewe utabaki na yule Clem wako wa siku tatu za kwanza. Kubali hilo kwanza, usilifunike kwa maneno ya heshima.

Tena kuna jambo hulioni. Wewe ulisema ukiwa na miaka kumi na sita na ukapewa chakula. Unadhani kwa kuwa kwako ulikuwa mlango mwepesi, basi kwake pia ungekuwa hivyo kama angeusukuma. Yeye alikuwa na miaka yako katika Queensland ambayo mwanamume alifungwa jela kwa kumpenda mwanamume. Kuhama kiti hakukuwa jambo la aibu. Kulimlinda Neville, na kulimlinda yeye. Usimwendee kama mtu anayekwenda kumfungua mfungwa.

Fanya hivi. Mtafute Pip leo, kabla ya mjomba, umwambie ukweli wote, na umuulize kipi kinaweza kuondolewa: kwenye kionjo, na kwenye filamu yenyewe. Ukienda kwa mjomba mikono mitupu unaomba msamaha tu, utakuwa umekwenda kujitua mzigo wewe, na kumtwisha yeye. Nenda na kitu anachoweza kukubali au kukataa.

Kisha nenda kwake mchana, akiwa na kazi mikononi, na Neville awepo, maana maisha hayo ni ya watu wawili na umemchukulia kila mmoja fungu lake. Usimuulize yeye ni nani. Nakukataza. Mwambie ulichokiona, ulichokifanya, na kwamba hukuomba ruhusa. Sentensi tatu. Usilie, kwa sababu ukilia atalazimika kukubembeleza. Na usithubutu kumwambia kwamba siku hizi watu hawajali. Wewe hujui watu wanajali nini. Umekulia kwenye makofi.

Akisema kiti kitoke, kitoke, hata kama ndicho kilichokupeleka Melbourne. Akisema haji ukumbini, haji, na tiketi za mama yako utazirudisha wewe, si yeye.

Kuhusu kama wewe ni mwigizaji, sikujibu. Mjomba kwanza.

Noreen

*

(Miezi mitatu baadaye Dario aliniandikia tena, safari hii akiwa na ruhusa ya wote kuchapisha barua zote. Nimeifupisha.)

Bi. Noreen,

Pip alinitukana, halafu akasema atakata chochote mjomba atakachotaka. Nikaenda Jumatano. Mjomba na Neville walikuwa bandani wanabadilisha mkanda wa mashine. Nilisema sentensi zako tatu, zikawa kama tisa, lakini sikulia.

Mjomba hakuacha kufunga nati. Neville ndiye aliyekaa chini, juu ya ndoo. Kisha mjomba akauliza, "Huyo bwana wa kwenye filamu, mwishoni anakufa?"

"Hapana, mjomba."

"Na mwenzake?"

"Hafi. Wanazeeka."

"Afadhali," akasema. "Zote nilizowahi kuziona, mmoja lazima afe."

Bi. Noreen, mimi sikujua kwamba amewahi kuziona.

Siku ya pili nikawaletea kompyuta, wakaitazama jikoni, mimi wakaniweka nje. Nilisikia Neville anacheka, kisha nikasikia mjomba, "Sitembei hivyo," na Neville, "Unatembea hivyohivyo, Silvio, tangu nikujue." Ilipoisha mjomba alitoka akaegemea nguzo. Alisema nimekosa sana kwenda kula kwake nikiwa na nia nyingine, na kwamba mwezi mzima nisije Jumapili. Ningependelea anipige. Akasema kiti kibaki kwenye filamu ila kitoke kwenye kionjo. "Kwenye filamu mtu anaona ilivyoanza na ilivyoishia," akasema. "Kwenye simu wanaona mzee anahama tu, wanacheka." Pip alikitoa siku ileile.

Ukumbini hakuja. Neville alikuja, amenyoa, akakaa kando ya mama, na taa zilipozima nikaona mama amemshika mkono, na hawakuachana mpaka mwisho. Kwa hiyo alijua. Sijui tangu lini. Nimeshindwa kumuuliza, na sasa naanza kuelewa kwamba si kila kitu ni lazima nikiulize.

Watu walipotoka walimzunguka Neville, Silvio yuko wapi, mbona hakuja kumtazama mpwa wake. Baadhi yao walikuwa wanauliza huku wanamwangalia kwa namna ambayo sikuipenda, wengine walimkumbatia tu. Nilirudi kwa mjomba mwezi ulipoisha, nikamweleza yote, hata yale macho. Alikuwa anakatakata vitunguu. Nikamuuliza kama anajuta kutokuja.

"Nije kufanya nini?" akasema. "Mimi nilishaitazama. Anayetaka kunitazama mimi, nyumba yangu anaijua. Haya, toa sahani. Tatu."

Dario