Aliyeniitikia Juu ya Mchanga wa Shela

Wiyoni,
Lamu.
16 Agosti 1966

Mpendwa kaka yangu Philip,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Edah na Mama. Sisi huku hatujambo kwa mwili. Na wewe, u mzima? Safari hii siulizi kwa desturi. Nauliza kwa sababu nataka kujua, na ukimaliza kusoma barua hii shika kalamu unijibu siku hiyo hiyo.

Wajua nilivyolalamika tangu mume wangu Patroba aletwe polisi ya huku, kwamba nchi ni tambarare kama sinia. Mtu aliyezaliwa Kisii akikosa kilima hana pa kuweka macho. Bi Saadiya, mwenye nyumba yetu, akachoka kunisikia. "Kilima wataka? Haya, twende Shela, ukapande mpaka useme basi."

Tulitoka Jumamosi asubuhi sisi watatu, tukafuata ufuo mpaka Shela, kisha tukavikabili vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya mji. Usicheke. Mchanga ule unakurudisha nyuma kila ukikanyaga. Patroba na kitambi chake alitweta kama ng'ombe wa kulima, nami nikamcheka mpaka nikakosa pumzi mwenyewe.

Karibu na kilele upepo wa kusi ulikuwa umefukua mifupa. Ya watu, kaka. Bi Saadiya alisema ni ya vita vya zamani za mababu. Akachutama, akaifukia kwa mikono yake, akasoma dua, akatuambia tupite kimya. Sisi tukadhani ni heshima tu, kama ya makaburini.

Juu kabisa niliona kila kitu: bahari isiyo na mwisho, Manda, na ng'ambo kule miti ya Kililana imefifia. Furaha ikanizidi, hata lile agizo la kimya likanitoka. Nikafanya kile mtu wa kwetu anachofanya akifika mlimani. Niliweka mikono kinywani nikakuita, vile tulivyokuwa tukiitana mlima kwa mlima wakati wa kuchunga.

Ukaniitikia.

Haikuwa mwangwi, maana mwangwi ungenirudishia jina lako. Sauti ile ilivuta ule mlio wako mrefu unaoujua, kisha ikasema kwa lugha yetu, "Nakuja." Mimi niliisikia upande wa bahari. Patroba anaapa kuwa ilitoka chini ya miguu yetu.

Bi Saadiya alinikamata mkono. "Umemwita nani weye?" Nikamwambia, kaka yangu. "Yu hai?" Nikasema ndiyo. Akanitazama kidogo. "Huku haitwi mtu kwa jina, Bi Kwamboka. Wanaoitika huku si walio hai." Akatushusha, na njia nzima hakututania tena.

Nikajiambia ni upepo. Patroba akasema labda ni mvuvi. Mvuvi gani wa Shela anajua Kikisii?

Basi jana mchana, watu wakiwa wamejipumzisha, nikasikia hodi mlangoni. Ilikuwa sauti yako. Nilishafungua kinywa nikaribishe, Bi Saadiya akaniziba kwa kiganja chake. Hodi ikaja tena, halafu kimya. Tulipofungua hapakuwa na mtu, ila mchanga kizingitini, mweupe, mkavu, ilhali vichochoro vya hapa ni udongo na taka za punda. Naogopa, kaka, sikufichi.

Bi Saadiya asema kisichokaribishwa hakiingii. Kwa hiyo sasa jirani wananiona sina adabu: wanabisha, nami kimya mpaka nichungulie dirishani nione ni nani.

Niandikie. Usimtume Edah akuandikie, wala usiniletee simu ya maandishi ya posta ya maneno mawili. Nataka mwandiko wako mwenyewe, ule mbaya uliomkondesha mwalimu wetu. Msalimie Mama, lakini habari hii usimsomee. Mpakate mwanao Rael kwa ajili yangu.

Mungu aliyetulea sote wawili akufunike, akuache ulipo, salama. Na kama una nia ya kutushtukiza kwa kuja, kaka, nakuomba usibishe hodi. Simama njiani juani, mahali nitakapokuona, ungoje nije nikushike mkono kwanza.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Kwamboka