Ngazi ya Upande wa Jikoni

Jumatatu, 4 Agosti
Nimewapelekea mafundi chai kwenye nyumba yetu mpya Miyuji, kama kawaida. Upepo wa leo hauna adabu, vumbi hadi kwenye vikombe. Shimo la chumba cha chini tayari, kuta zimesimama, sasa wanasuka nondo. Jumamosi wanamwaga zege la juu. Fundi Mathayo kauliza tena: tundu la ngazi aliache wapi? Mume wangu kajibu kabla sijatua chupa. Sebuleni, wageni waione. Rajabu anapenda kuonwa! Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Jumanne, 5 Agosti
Chumba cha chini ni cha wanawake. Tulikubaliana hivyo siku ya kununua kiwanja. Maulidi, hitima, shughuli za ndoa. Wanaume watakaa sebuleni. Sasa ngazi ikianzia huko, sisi tupite wapi, juu ya vichwa vyao?

Hitima ya mama tuliisomea kwenye nyumba ya kupanga, Area D. Wanaume walijaa ndani na barazani. Sisi uani, juani. Shangazi Mwajuma akazimia. Dua ya mama yangu mzazi nikaisikia nusu. Sitaki tena.

Nimemwambia Rajabu ngazi ianzie jikoni, kwenye mlango wa uani. Kashika kichwa. Watu wa maulidi kila mwaka, tumechora nyumba nzima na hakuna aliyeliwaza hilo. Hata mimi.

Jumatano, 6 Agosti
Kona ya chumba cha chini, upande wa jikoni, ilikuwa imejaa kifusi. Leo kimeondolewa. Chini yake jiwe.

Nilidhani ni la kung'oa kwa mtaimbo. Kila walipofagia likazidi. Limetokea ukutani likaja hadi karibu katikati ya chumba, mgongo juu, kama ng'ombe aliyelala. Nimeshuka nikaliwekea kiganja. Baridi kabisa, na huku juu jua linachoma. Lilikuwa hapa kabla ya babu zetu kufika na misafara yao. Subhanallah. Nimeogopa, na sikutaka kuondoa mkono.

Rajabu anasema lipasuliwe kwa moto. Likikataa hadi Ijumaa, ngazi ni sebuleni, basi.

Alhamisi, 7 Agosti
Magogo yamewaka juu yake tangu asubuhi. Alasiri wakamwaga maji, ndoo baada ya ndoo.

Likalia. Si mlipuko. Mlio mrefu, mzito, tumeusikia miguuni. Mathayo kawanyamazisha vijana wake. Mvuke ulipoisha tukaona ganda la juu limebanduka zima, kama ukoko wa ugali. Chini yake jiwe jipya, la waridi, linametameta. Halijapasuka hata kidogo. Hakuna jicho lililowahi kuliona kabla yetu.

Rajabu kachuchumaa na suruali yake ya kazini. Mimi nimelia. Kwa uzuri wake, na kwa sababu limekataa.

Ijumaa, 8 Agosti
Sikulala vizuri. Nikawa nauona ule mgongo. Lile ganda lilipotoka limeuacha bapa, na uko nusu ya njia ya kushuka.

Rajabu hakurudi nyumbani baada ya swala. Nimemkuta kiwanjani, kavua viatu, kasimama juu ya jiwe. Nikamwambia tusilivunje, tulikanyage. Ngazi ishuke kutoka jikoni hadi mgongoni pake, ikate kona hapo, imalizie chini. Chumba kitapungua, mikeka michache haitaingia. Nakubali.

Kapima kwa futi. Kapima tena.

"Zuhura," kaniambia, "hili hata mimi nisingeweza kulivunja."

Jumamosi, 9 Agosti
Zege limemwagwa. Tundu liko jikoni. Nimelitazama mpaka Mathayo akacheka.

Jumapili, 31 Agosti
Mbao zimetolewa, ngazi imekamilika. Nimeshuka peke yangu na mkeka wa mama. Nimeutandika kwenye kona, juu ya jiwe. Kimya. Ubaridi unapenya hadi mapajani. Nimemsomea mama Yasini, yote, kwa sauti yangu mwenyewe.

Nilipomaliza nikasikia hatua za Rajabu jikoni. Zikasimama mlangoni pa ngazi. Nyumba yake, jasho lake. Akabisha hodi, akasubiri.

Nilikaa kidogo kabla ya kumkaribisha.