Maswali Nayajua Yote

Jumatatu, 4 Machi

Mama kapiga simu. Kaweka spika, majirani wasikie. "Daktari wangu, umekula?" Daktari! Mwaka wa nne tu, na nusu ya ninayoambiwa wodini yananipita. Darasani sawa, wanatusomesha kwa lugha ninayoijua. Wagonjwa wa nchi hii ndio wana lugha yao. Mtihani wa lugha hiyo mimi na Twiga, mwenzangu wa chumbani, tuliupita kwa kukariri. Maswali nayajua yote — unaumwa wapi, tangu lini, kuna dawa inayokudhuru? Nayatamka mpaka nasifiwa. Majibu ndiyo siyaelewi. Natabasamu, naitikia kwa kichwa.

Jumatano, 6 Machi



Bibi wa kitanda cha dirishani, anaumwa kifua. Nilimuuliza kuhusu dawa. Akanishika mkono, akasema maneno mengi, akayarudia. Nikaitikia kwa kichwa. Akafurahi, akanipapasa shavu. Sista akaja na sindano — yule anayeniita binti yangu, anayenifundisha maneno mawili matatu kila zamu. Mgonjwa mwingine alikuwa anamwita kwa kelele. Sista kaniuliza, bibi umeshamuuliza? Nikasema nimemuuliza, hana tatizo.

Sikukusudia kudanganya. Basi — nilidanganya. Bibi alivimba midomo, alivimba macho, pumzi zikamkatika. Walimhangaikia, mimi nimeganda ukutani kama picha. Yuko hai! Nimeuliza mara tatu, yuko hai.

Alhamisi, 7 Machi

Sista kasimamishwa kazi. Sheria ya wodi: anayechoma sindano ndiye anayeuliza. Aliniamini, ndilo kosa lake.

Twiga anasema funika kombe mwanaharamu apite. Nikisema, chuo kinanifukuza. Chuo kikinifukuza, kibali cha kuishi huku nacho basi. Na kaka kaahirisha harusi mpaka nihitimu — mchumba wake keshaanza kuuliza kama udaktari ni wa kusomea au wa kuzeekea. Nitawatazama vipi?

Nimenyamaza.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekutana na Sista getini. Kaja kuchukua viatu vyake vya kazi, kavitia kwenye mfuko wa plastiki. Nikataka kukimbia. Akanipa pole. Mimi! Eti nisiogope, ameshawaambia mimi ni mwanafunzi tu, wasinihusishe. Kaniuliza kama yale maneno ya wiki iliyopita nimeyashika. Nikasema ndiyo. Hata hilo uongo.

Mama husema mficha uchi hazai. Mimi aibu yangu nimemvika mwenzangu, nikabaki msafi. Najichukia.

Jumatatu, 11 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya daktari mkuu. Sista yumo ndani. Mimi nimeitwa kama shahidi tu, wamesema. Naandika ili mikono ipate kazi.

Bibi naye kaletwa kwa kiti cha magurudumu. Uso umerudi, bado uvimbe kidogo. Kaniona, kacheka! Mhudumu anayemsukuma kanitafsiria: bibi anasema wodi nzima ni mimi peke yangu ninayemwelewa. Anasema aliniambia vizuri kabisa kwamba sindano ile iliwahi kumwangusha, na mimi nikakubali. Kwa hiyo, anasema, aliyepuuza ni Sista.

Mhudumu kaenda kumtafutia maji. Tumebaki wawili.

Kanishika mkono tena, palepale. Ananiuliza kitu — ni swali, anasubiri. "Sielewi, rudia taratibu." Sentensi hiyo ninayo, Sista ndiye aliyenifundisha, ya kwanza kabisa. Iko mdomoni. Lakini bibi ananitazama kama mjukuu wake.

Nimeitikia kwa kichwa.

Mlango umefunguliwa. Bibi ananinyooshea kidole, anawaambia kitu kwa furaha. Daktari mkuu kanigeukia: bibi anasema umekubali kumsemea, uwaambie wote alichokwambia siku ile. Vizuri, ingia, uanze wewe. Sista kageuka kwenye kiti chake — ananitabasamia, ananipa moyo. Na mkono wa bibi bado —