Folda Mbili za Nyumbani

Jumatatu, 10 Novemba
Nimetoka shule, nimemenya ndizi, nimekaa kuandika insha. Radi imeanza nikiwa aya ya pili. Mama amefanya anachofanya siku zote: shuka juu ya kioo, simu zote zimezimwa, kisha akachomoa waya wa kompyuta ukutani. Hakuuliza. Hapa Nyakisasa hakuna anayeuliza radi ikipiga. Insha imekatika. Si kitu.

Jumanne, 11 Novemba
Kompyuta imewaka, lakini kama si yetu. Skrini ya bluu tupu. Jina la kuingilia ni lile lile, Nyumbani. Ndani hamna kitu. Kama nyumba iliyohamwa.

Hakuna folda ya Bibi.

Nilimrekodi kwa simu mwaka jana, jikoni, tukichambua maharage. Alikuwa anasimulia walivyovuka kutoka Burundi akiwa msichana mdogo. Rekodi niliihamishia kwenye kompyuta, kisha simu ile ikaibwa sokoni. Bibi tulimzika Machi. Nakala nyingine hakuna. Sikuweza kula.

Jumatano, 12 Novemba
Kaka Deo amemwita rafiki yake fundi. Atakuja Jumamosi kupiga window upya. Kila kitu kitafutwa, kila kitu kitakuwa kipya. Deo anafurahi. Nilitaka kusema sitaki kipya. Nikaenda kuosha vyombo. Najichukia nikinyamaza hivi.

Alhamisi, 13 Novemba
Maktaba ya shule ina kitabu kimoja cha kompyuta, hakina jalada. Kinasema mashine ikizimika ghafla inaweza kushindwa kusoma folda ya mtumiaji, ikamtengenezea nyingine pembeni. Ya zamani haifutiki. Nimerudi mbio.

Diski C. Users. Ziko mbili! Nyumbani, na Nyumbani.000. Ya pili ndiyo hii tupu tunayoingia. Ya kwanza inasema sina ruhusa.

Deo alikuwa nyuma yangu. "Si zinafanana? Futa moja, zinajaza diski bure." Akashika mausi, akabonyeza ile ya kwanza.

"Usiguse!"

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Deo anacheka. "Mama, njoo usikie, kumbe Adela ana sauti!" Nikamnyang'anya mausi. Kisha umeme ukakatika.

Ijumaa, 14 Novemba
Umeme haujarudi. Nimechambua maharage peke yangu. Bibi alikuwa anayapuliza kiganjani kabla ya kuyatia chunguni. Aliniita mwana wanje, yaani mwanangu, hata akiwa amekasirika. Maneno nayakumbuka. Sauti yenyewe inaanza kunitoka. Naogopa kesho.

Jumamosi, 15 Novemba
Umeme umerudi asubuhi. Fundi amekuja, flashi mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikabaki nimesimama mbele ya meza. Nikamwomba asifute kwanza. Nilieleza folda zote mbili nikiangalia sakafu.

"Deo, si uliniambia huyu haongei?" Akanisogezea kiti. "Haya mwalimu, tuonyeshe."

Kompyuta ikauliza kama nataka ruhusa ya kufungua ile ya kwanza, nikabonyeza ndiyo. Mstari wa kijani ulitambaa. Ukasimama. Ukatambaa tena. Ikafunguka. Insha nusu, muziki, Bibi. Tumenakili kwenye flashi kwanza, kisha kwenye folda mpya. Hakuna kilichofutwa.

Nikabonyeza. Sauti yake ikajaa sebuleni. Mama akakaa chini pale pale aliposimama. Bibi alikuwa amefika mtoni, wanatafuta pa kuvukia, mara radi ikasikika ndani ya rekodi. Akaacha hadithi. "Zima hicho kisimu, mwana wanje! Mama Deo, kioo! Funika kioo!" Kimya.

Nilikuwa nimesahau kwamba ilikatikia hapo. Mama alikuwa analia, akaanza kucheka. "Ndiye aliyenifundisha. Nilipoolewa hapa sikujua hata kuogopa radi."

Jumatano, 19 Novemba
Wingu tangu mchana. Mama ameniita kabla ya radi ya kwanza. "Adela, izime vizuri." Akasimama ameshika waya, akasubiri skrini iwe nyeusi kabisa. Ndipo akachomoa. Shuka juu ya kioo.

Tumekaa kimya, kama Bibi alivyotaka. Mvua tu kwenye bati. Radi ilipokwenda mbali, nimemuuliza Mama kama aliwahi kusikia jinsi kina Bibi walivyovuka.

Akavuta ungo wa maharage. Akaanza pale pale, mtoni.