Hitilafu ya Kumi na Mbili

Nyumbani kwa shangazi yako,
Chumba cha uani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mjukuu wangu Bisibisi,

Kuna jambo nimekuficha kwa miaka tisa, nalo linahusu lile gari letu kuukuu. Nimelitaja hapa juu kabisa ili nikianza kuzunguka, kama unavyonijua, ujue kwamba safari hii sina pa kutokea.

Lakini kwanza, hujambo? Chumba ulichopanga kinapitisha hewa? Vile viatu vya kazini vyenye chuma mbele vimeacha kukuchubua? Mimi sijambo, kwa kipimo cha uzee. Daktari anasema vali moja ya moyo inavuja, na mtu wa umri wangu hafunguliwi tena. Nikamuuliza kama amepima mgandamizo wa silinda zote, au ameamua kwa kusikiliza tu. Hakucheka. Shangazi yako ndiye aliyecheka kwa niaba yake, kisha akaenda kulia jikoni akidhani sisikii. Usilie na wewe. Nimeishi hadi kumwona mjukuu wangu akiajiriwa kuzifunza injini adabu. Niongezewe nini tena?

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kwa sauti, shangazi yako amesimama mlangoni na mwiko wake. Nilipofika pale ulipopewa koti lenye maneno "Udhibiti wa Injini" kifuani, alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza nani anaolewa. "Haolewi mtu!" akamjibu. "Mtoto wetu kapata injini!" Wali ukaungua. Tuliula hivyo hivyo, na ulikuwa mtamu.

Mara ya pili niliisoma peke yangu, kama mwalimu. Miaka thelathini nilisimama mbele ya darasa la ufundi nikifundisha kabureta, na mkono wangu ndio uliokuwa ukiamua injini inywe kiasi gani. Leo unaniambia mnakaa nyuma ya kioo kinene, injini imefungwa sakafuni upande wa pili inanguruma, nanyi mnaipangia kwa kompyuta kila tone la petroli na kila cheche ya plagi. Niliomba kalamu nikajichorea chumba hicho chote. Kioo nimekikosea, kimetokea kama kabati, lakini wewe nimekupatia.

Mara ya tatu ndipo nilipoutazama vizuri ukurasa wa mwisho, pale mwandiko wako unapoanza kusinyaa. Unasema Jumatatu ya tarehe 17 wakufunzi wataficha hitilafu ndani ya injini ili ninyi wageni muitafute, na hilo halikutishi. Kinachokutisha ni baada ya hapo, utakapokabidhiwa injini mpya ambayo hata walioiunda hawajui inaumwa nini. Umeandika: "Babu, kila nilichowahi kukipata kilikuwa kimefichwa na wewe. Siku ambayo hakuna aliyeficha kitu, nitatafuta nini?" Na umechukua fomu ya kuhamia kitengo cha nyaraka, ambayo mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa.

Barua hii itaondoka na basi la kesho asubuhi. Nimeambiwa utaipata Jumatano. Usiijaze hiyo fomu kabla hujanimaliza.

Ni kweli nilikuwa nikikufichia. Nilianza ulipokuwa na miaka tisa, kwa sababu kila nikifungua boneti nilikuta kichwa chako kimetangulia kuingia. Jumamosi moja nikachomoa waya wa plagi ya tatu, nikaingia ndani kunywa chai. Sikuimaliza. Ulikuja mbio, mikono myeusi mpaka viwikoni, unapiga kelele, "Babu, nimelifufua!" Nikaonja utamu wa jambo hilo, na tangu hapo sikuweza kuacha. Marehemu bibi yako, ambaye siku zote aliliita gari lile mke mwenzake, alinitazama kwa pembe ya jicho akasema, "Mzee, huyu mkeo mdogo mbona anaugua Jumamosi tu? Mpeleke akapimwe."

Hitilafu zilikuwa kumi na moja. Ya kumi na moja ndiyo iliyoniumbua. Ulikuwa umeshafika miaka kumi na minne, huna tena adabu ya kupiga hodi, ukaingiza mkono kwenye mfuko wa shati langu ukatoa fyuzi ya pampu ya petroli. "Na hiki, Babu, ndicho kidonge cha presha?" Nyumba nzima ilicheka, hata mjomba wako Kimya, ambaye meno yake tulikuwa hatujayaona tangu harusi yake. Nikaapa mbele ya bibi yako kwamba mchezo umekwisha.

Miezi mitatu haikutimia, gari likaanza kutoa moshi mweusi, kubugia petroli, na kugoma kuwaka likiwa limeshapata moto. Jumamosi ukatokea uani, mikono kiunoni. "Babu, uliapa!" Mimi nikamtazama bibi yako, naye akatazama mawingu. Hukungoja jibu. "Umeficha vizuri leo," ukasema, "lakini nitakukamata."

Uliinusa eksozi mpaka nikaogopa utazimia. Kisha ukapindua ndoo, ukaikalia. Mwishowe ukasema maneno ambayo nimekuwa nikiyarudia peke yangu miaka yote hii: "Gari hili halijui kwamba limepata moto. Linadhani bado ni asubuhi." Ukafungua sensa ya joto, kile kidude kisichozidi kidole gumba kinachoiambia kompyuta ya gari injini imefikia joto gani. Ukaitumbukiza kwenye sufuria ya maziwa ya bibi yako, ukaijaza maji, ukaiwekea moto, ukaiunganisha na nyaya za mita ya kupimia umeme. Maji yalichemka na mshale wa mita haukutikisika. Sensa ilikuwa imekufa, na kompyuta ilikuwa ikimwaga petroli ya kuamshia injini ya baridi siku nzima.

Ulikuja mbele yangu na sufuria inachuruzika. "Sensa mbovu namna hii uliitoa wapi? Yaani ulihangaika kunitafutia?" Watu wote wakapiga makofi. Nami nikainua mikono juu nikasema, "Umenikamata, Bisibisi." Bibi yako alinuna, lakini tukasema ni kwa ajili ya sufuria.

Naomba nitangulize salamu, maana nikishasema lililobaki sitakuwa na la kuongeza. Nisalimie mama yako, na umwambie blanketi alilonitumia ndilo nililojifunika sasa hivi. Msalimie mdogo wako, mwambie asome hesabu, aache kunakili zako. Shangazi yako anakusalimu na anauliza kama unakula. Mjomba Kimya alikuja Alhamisi, akakaa saa mbili, na nadhani alikusalimu. Mungu akujalie macho mazima, subira, na wenzako wanaocheka kazini. Kila utakapoiwasha injini, nitakuwa nimeshafurahi kabla yako.

Sasa niseme. Bibi yako alikuwa akijua. Wiki yake ya mwisho alinishika mkono akaniambia, "Mpe mtoto haki yake, mzee," nami nikaitikia, kisha nikanyamaza miaka minne mingine. Niliona aibu. Mimi, mwalimu wa injini, niliyewasahihisha watu wazima kwa kalamu nyekundu.

Siku tatu kabla ya Jumamosi ile nilikuwa nimebadilisha plagi zote. Nilisafisha chujio la hewa, nikakagua nyaya moja moja, nikasoma kitabu cha gari mpaka chooni. Nilikuwa nimeshapanga livutwe gereji Jumatatu, ukiwa shuleni, usione. Na wewe ulipodhani ni mimi niliyeficha, nikakuacha udhani hivyo, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuitwa mjanja kuliko kuonekana nimeshindwa.

Hitilafu ya kumi na mbili sikuiweka mimi. Hakuna aliyeiweka. Siku ile, mjukuu wangu, katika nyumba nzima hapakuwa na mtu aliyejua jibu mpaka wewe ulipolitoa ndani ya sufuria.

Ni mimi babu yako, nikupendaye, niliyekuwa sijui,
Mwalimu